Choki ya shotgani imekwama na marisau yanavuta kushoto: ubovu uko kwenye choki au kwenye mtutu?

#1 Kwale_Mwitu

Wakuu habari za muda huu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na shotgani za choki za kufungua, yaani kile kibomba cha mdomoni kinachobana mtawanyiko wa marisau.

Bunduki ni geji 12, semi-otomatiki, mtutu wa inchi 28. Choki yake ni ile inayozama yote ndani, haichomozi mdomoni. Ilikuwa inapiga katikati bila shida yoyote. Nilipoacha marisau ya madini ya risasi nikahamia ya chuma, nikiwa na choki ya nusu, mambo yakaanza kubadilika. Mtawanyiko ukahamia kushoto, sahani za udongo za kawaida kabisa zikawa zinapita salama. Nikampa mwenzangu ambaye shabaha yake ni ya uhakika, naye kushoto vilevile.

Nikataka kubadilisha choki. Spana ikazunguka kama robo mzunguko, halafu ikagoma. Haifungui, hairudi.

Nikipitisha kidole kwa nje karibu na mdomo nahisi kimgongo chembamba, ila sijui kama ni kipya au kilikuwepo tangu kiwandani. Nikimulika tochi kwa ndani naona kivuli cha duara. Je, hapo kilichokufa ni choki peke yake, au na mtutu umeshaondoka? Na naitoaje bila kuharibu zaidi?

---

#2 Jiriwa

Mkuu, la kwanza kabisa: usiifyatue tena hiyo bunduki mpaka choki itoke. Hata ya kujaribu tu. La pili: toa risasi zote, angalia chemba (pale katriji inapokaa) kwa macho na kwa kidole, kisha vua mtutu kwenye bunduki. Kazi yote inayofuata inafanyika mtutu ukiwa peke yake mezani.

Sasa nijibu haya kabla hatujaenda mbali:

1. Kabla haijagoma, choki ilikuwa imezama sawa na mdomo, au ilikuwa imejitokeza hata kidogo?
2. Kimgongo unachokihisi kinazunguka mtutu mzima au kipo upande mmoja?
3. Mara ya mwisho kuitoa na kusafisha thredi ilikuwa lini? Usinitajie tarehe, niambie tu kama ni juzi au ni zama za kale.

---

#3 Bwana_Vumbi

Kazi ndogo hiyo. Washa gesi, pasha mdomo wa mtutu mpaka ubadilike rangi, kamata na plaiz, zungusha. Kwisha habari.

---

#4 Jiriwa

Bwana_Vumbi, huo ushauri baki nao.

Ile reli ya juu ya mtutu, na kwa bunduki za mitutu miwili hata mitutu yenyewe, mara nyingi imeungwa kwa lehemu ya bati. Lehemu hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto kama 183 za selsiasi. Mpaka chuma kibadilike rangi umeshaipita mbali. Utaitoa choki, ni kweli, ukiwa na reli mkononi. Na ukishapasha chuma chembamba cha mdomoni kiasi hicho, hata ugumu wake haurudi ulivyokuwa.

Plaiz nayo inabonyeza choki iwe yai. Choki iliyokuwa yai inabana thredi kuliko kutu. Vilevile jiriwa: jina langu ni Jiriwa lakini sitaki kusikia mtu amebana mdomo wa mtutu kwenye jiriwa. Pale ndipo chuma ni chembamba kuliko sehemu zote, kwa sababu kimechongwa thredi kwa ndani. Ukilazimika kubana, bana nyuma karibu na chemba, kwa mbao zilizochongwa umbo la mtutu na kitambaa katikati.

---

#5 Kwale_Mwitu

Majibu mkuu Jiriwa: (1) Ilikuwa imejitokeza kidogo sana, ukipitisha ukucha unahisi. Nilidhani ndivyo ilivyo. (2) Kimgongo kipo zaidi upande wa kulia ukiwa umeishika kwa kulenga. (3) Zama za kale.

---

#6 Mzee wa Shabaha

Jibu namba moja na namba tatu yamenitosha. Ngoja nimwachie Jiriwa utambuzi, mimi niseme habari ya kuitoa, maana nimezitoa nyingi.

Kinachoshika choki huwa ni vitu vitatu, na kila kimoja kina dawa yake. Kuna kutu. Kuna masizi ya baruti yaliyogandamana. Na kuna plastiki, ambayo watu wanaisahau. Ile wadi, kikombe cha plastiki kinachobeba marisau, ikipita kwa kasi inaacha utando ndani ya mtutu. Utando huo unajaa pale choki inapoanzia na kupenya hadi kwenye thredi. Mafuta ya kulegeza kutu hayaigusi plastiki. Ndiyo maana mtu anakwambia ameloweka wiki nzima na haijatikisika.

Kwa hiyo anza na maji ya moto. Chemsha maji kwenye chombo kirefu, simamisha mtutu mdomo ukiwa chini, maji yapite urefu wa choki, yaani kama sentimita nane hivi ili uwe na uhakika. Uache upate moto sawasawa. Maji yanayochemka yana nyuzijoto 100 tu, lehemu haiguswi, lakini plastiki inalainika. Toa, kausha haraka, kisha ukiwa bado wa moto weka mafuta ya kupenya kwenye mdomo na kwa ndani. Simamisha tena mdomo chini kwenye kikombe cha mafuta hayohayo. Acha usiku kucha.

Kesho yake rudia maji ya moto, halafu ndipo uweke spana. Sasa sikiliza hapa: usianze kwa kufungua. Ianze kwa kukaza, kidogo mno, usikie kama inanyumbuka. Ikikubali hata unywele, rudi kufungua. Nenda rudi, nenda rudi, ukiongeza mafuta. Lengo ni kusaga huo uchafu utoke, siyo kuubana kwenye kona.

Spana iwe ya choki hiyohiyo. Zile bapa za bati zinazokuja na bunduki zinatosha kwa choki nzima, kwa iliyokwama zinapinda na kuruka, zinakula vile vikato vya mdomoni. Ikiwezekana tafuta spana ya umbo la T yenye shina refu linaloingia ndani ya mtutu. Ile inakaa wima na haitelezi. Vikato vikishaliwa, kazi inakuwa ya fundi bunduki mwenye mashine, wewe weka vifaa chini.

Kuna wanaochanganya mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu. Yanapenya vizuri, lakini asetoni inashika moto kwa mvuke tu na inakula vanishi ya mbao. Kama utatumia, kaa mbali na moto na mbali na kitako. Na usiyaweke kabla ya maji ya moto, weka baada ya chombo cha kuchemshia kuondoka kabisa.

---

#7 Nungunungu

Uzi wa moto huu, naweka kambi.

---

#8 Binti_Sahani

Nami niongeze kwa Mzee: wakati wa kugonga (na mara nyingine inabidi kugonga ili kutu ishtuke) gonga kwa kipande cha shaba au mbao ngumu, kidogo kidogo kuzunguka mdomo. Nyundo ya chuma inaacha kibonyo, na kibonyo kwa nje ni kinundu kwa ndani.

Halafu swali kwa mafundi. Wengi klabuni kwetu wanasema marisau ya chuma ndiyo yanayovimbisha choki, mwisho wa mjadala. Ni kweli au ni woga?

---

#9 Jiriwa

Dada, ni nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayoficha ubovu halisi. Ngoja niiweke vizuri maana ndipo Kwale_Mwitu alipo.

Marisau ya risasi ni laini. Yakifika kwenye mbano, yaani pale choki inapokuwa nyembamba kuliko mtutu, yanakubali kubonyea na kupangana upya. Ya chuma hayabonyei. Yakisukumwa kwenye mbano mkali, kitu cha kukubali ni choki yenyewe. Ukirudia sana, hasa kwa marisau makubwa, choki inatanuka pale mbano unapoanzia, na huo mtanuko unausukuma mtutu kwa nje. Unaona pete inayozunguka sawasawa, pande zote. Kwa sababu hiyo kanuni za CIP, chombo cha kupima usalama wa silaha chenye nchi nyingi za Ulaya, zinasema katriji za chuma za nguvu kubwa zipigwe kwenye mtutu wenye alama ya ua la yungiyungi, na kama marisau yamezidi milimita 4 kwa upana, mbano usizidi milimita 0.5. Milimita 0.5 kwa geji 12 ndiyo hiyo choki ya nusu.

Kwa kumbukumbu ya wasomaji, mbano wa geji 12 kwa makadirio: silinda 0, robo 0.25, nusu 0.5, robo tatu 0.75, fuli milimita 1. Kwenye chapa nyingi unahesabu vikato vya mdomoni: kimoja ni fuli, vitano ni silinda. Kadiri vikato vinavyoongezeka, choki inakuwa wazi zaidi. Nimekutana na watu wanaosoma kinyume, anadhani vitano ndiyo kali, kumbe mwenye kikato kimoja ndiye anayepiga chuma kwenye fuli.

Sasa Kwale_Mwitu anatumia nusu. Kwa katriji za kawaida na marisau madogo ya sahani, nusu haipaswi kuvimba. Na kimgongo chake kipo upande mmoja. Mtanuko wa chuma hauchagui upande. Kwa hiyo mimi siilaumu chuma. Naangalia kile alichosema kwa kupita tu: choki ilikuwa imejitokeza kiasi cha kuhisi kwa ukucha.

---

#10 Mzee wa Shabaha

Hapo tupo pamoja kwa Kwale_Mwitu, ila chuma usiisafishe sana Jiriwa. Bunduki za zamani zenye choki za kuchongwa humohumo, zilizotengenezwa wakati hakuna aliyewaza chuma, mimi sizipigishi chuma hata kwa bure.

---

#11 Jiriwa

Hizo hata mimi sizipigishi, Mzee. Nazungumzia mitutu ya kisasa iliyopimwa kwa chuma. Watu wengi hawana hiari tena: Marekani marisau ya risasi kwa ndege wa majini yamekatazwa nchi nzima tangu 1991, na Umoja wa Ulaya ulizuia kuyatumia kwenye ardhi oevu kuanzia Februari 2023. Dunia inaenda kwenye chuma, basi tujifunze kuitumia. Chuma inakusanyika zaidi kuliko risasi, kwa hiyo fungua choki hatua moja au mbili na utapata mtawanyiko uleule.

---

#12 Kwale_Mwitu

Imetoka wakuu! Maji ya moto mara tatu, mafuta usiku kucha, nenda rudi mpaka mikono ikachoka. Asante sana Mzee, hiyo ya plastiki nisingeijua.

Sasa nieleze nilichokiona, maana picha zinagoma kupanda. Kwa nje, thredi za choki zimejaa utando wa kijivu kama nta, ukikwangua kwa ukucha unatoka vipande. Nyuma ya choki, ule ukingo mwembamba unaoingia ndani zaidi, upande mmoja umejikunja kuelekea ndani kama mdomo wa kopo lililofunguliwa vibaya. Upande huohuo kuna mstari unaong'aa ndani ya choki kutoka nyuma mpaka mbele. Nje ya ukingo huo, upande uleule, kumekuwa kweusi tii kwa masizi. Upande wa pili ni safi.

Ndani ya mtutu, kwenye kile kidato ambacho choki inakaa, kuna pete ya uchafu mgumu. Nimejaribu kuichokonoa kwa kijiti, haitoki.

---

#13 Jiriwa

Umeeleza vizuri kuliko picha. Kesi imefunguka.

Choki ya kufungua haikai kwa thredi peke yake. Kwenye mitutu mingi ukingo wake wa nyuma, tuuite sketi, unafika mpaka kwenye kidato kilichochongwa ndani ya mtutu, au karibu nacho kabisa. Tundu la sketi hufanywa liwe pana kidogo kuliko tundu la mtutu, makusudi, ili wadi ikipita kutoka kwenye mtutu kuingia kwenye choki isikutane na ukingo wowote. Inapita kutoka pembamba kwenda papana, halafu mbano unaanza taratibu.

Kwako, uchafu ulijaa kwenye kidato. Kila ulipofunga choki, ilifika kwenye uchafu ikasimama, wewe ukahisi imekaza. Kumbe haijafika nyumbani. Hiyo ndiyo sababu ya kujitokeza mdomoni. Ukipiga, gesi inayofuata wadi inaona mwanya nyuma ya sketi, inaingia. Shinikizo la mdomoni ni dogo sana ukilinganisha na la chemba (geji 12 ya kawaida inaruhusiwa mpaka psi (pauni kwa inchi ya mraba) 11,500 chembani kwa viwango vya SAAMI vya Marekani), lakini sketi nayo ni nyembamba na haikuumbwa kusukumwa kutoka nje. Inasukumwa ndani upande ule wenye mwanya mkubwa. Ikishajikunja, wadi inayofuata inaikwangua, na ndiyo huo mstari unaong'aa. Wadi ikikwanguliwa upande mmoja inainama, marisau yanatoka yameshasukumwa upande mwingine. Kushoto kwako kumetokea hapo.

Masizi nje ya sketi ndiyo ushahidi mkubwa. Choki iliyokaa vizuri inatoka na mafuta au uchafu kidogo kwenye thredi za mbele, lakini nyuma ya sketi kwa nje inakuwa safi. Ukiona pale pameungua, gesi imepita, haijalishi choki inaonekana nzima kiasi gani.

Choki hiyo usiipige tupa, usiipige msasa, usijaribu kuirudisha kwa kitu chochote. Ibonde na nyundo mwenyewe ili mtu mwingine asiiokote akaitumia.

---

#14 Bwana_Vumbi

Sasa ukingo tu umekunjwa, ukiunyoosha na kuulainisha na msasa kuna shida gani? Tundu linabaki lilelile.

---

#15 Jiriwa

Chuma kilichokunjwa na kurudishwa kimeshachoka. Na ukikipunguza kwa msasa umekifanya chembamba zaidi, pale ambapo gesi imeshazoea kuingia. Choki ni kitu cha kubadilisha. Mtutu siyo.

---

#16 Nungunungu

Wakuu naomba kuingilia. Mimi jamaa yangu alinipa choki ya bunduki yake ya chapa nyingine, nikaijaribu kwangu ikaingia laini mpaka mwisho. Hii si salama basi?

---

#17 Binti_Sahani

Kuingia laini siyo cheti. Kuna mifumo inayoingiliana kweli: WinChoke ya Winchester, Invector ya zamani ya Browning na choki za Mossberg 500 za geji 12 zina thredi moja. Lakini Invector na Invector Plus, pamoja na kufanana majina, haziingiliani. Plus ni ndefu na ni ya mitutu iliyotanuliwa tundu. Beretta nayo ina Mobilchoke, ina Optima, ina Optima HP, na kila moja ina mtutu wake.

Hatari ni ile inayokubali kuingia lakini ni fupi au sketi yake ni nyembamba kuliko tundu la mtutu wako. Hapo wadi inagonga ukingo kila risasi. Soma maandishi kwenye mtutu na kwenye choki. Kama hayapo, pima au achana nayo.

---

#18 Mzee wa Shabaha

Na kupima ni rahisi, mwenye kalipa (kile kipimio cha upana na kina) asiogope. Ule mkia mwembamba wa kalipa ingiza mdomoni mpaka ufike kwenye kidato, soma kina. Kisha pima urefu wa choki. Kama ni ya kuzama, vipimo viwili vikaribiane sana. Choki ikizidi kina itachomoza. Ikipungua sana, kuna mwanya nyuma. Zile za kuchomoza zina bega mbele, hizo pima kuanzia kwenye bega kurudi nyuma. Baadhi ya watengenezaji huacha mwanya mdogo makusudi, kwa hiyo linganisha na choki ya asili iliyokuja na bunduki.

Halafu pima tundu la sketi na tundu la mtutu. Sketi iwe pana, hata kama ni kwa unywele. Ikiwa sawa sawia mimi naanza kutilia shaka. Ikiwa nyembamba, haipigwi.

Na msipime choki peke yake mkadhani mmejua mbano wake. Tundu la kawaida la geji 12 ni kama milimita 18.5, lakini mitutu iliyotanuliwa inafika 18.8. Choki yenye tundu la 18.0 ni nusu kwenye mtutu wa kwanza, na imepita robo tatu kwenye wa pili.

---

#19 Kwale_Mwitu

Nimeelewa. Choki nimeshaibonda. Sasa mtutu: najuaje umepona? Ninazo choki nyingine mbili zilizokuja na bunduki, robo na fuli, sijawahi kuzitumia.

---

#20 Jiriwa

Safisha kwanza kidato. Kijiti hakitoshi, tumia brashi ya shaba ya geji 10 ndani ya mtutu wa geji 12, inabana vizuri kwenye thredi. Maji ya moto tena, dawa ya kusafishia mtutu, zungusha brashi kwa mkono ukifuata mwelekeo wa thredi. Usiingize kitu cha chuma kigumu, ukikwaruza kidato umetengeneza mwanya mpya. Endelea mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe.

Kisha fanya haya matatu.

Elekeza mtutu kwenye dirisha lenye mwanga, tazama ndani ukitokea upande wa chemba, uzungushe polepole. Ukuta mzima unaonyesha mwanga unaoteleza bila kukatika. Uvimbe unaonekana kama pete nyeusi inayofuatwa na pete ya mwanga, na inabaki palepale hata ukizungusha.

Pili, chukua choki mpya ile ya robo, paka mafuta kidogo, iingize kwa vidole tu. Anza kwa kuizungusha kinyume mpaka uhisi imedondoka kwenye mwanzo wa thredi, ndipo uifunge. Iende mpaka mwisho kwa vidole. Ikianza kubana katikati ya safari, thredi au ukuta umepinda.

Tatu, kalipa kwa nje. Pima upana wa mtutu palipo na kimgongo, kisha zungusha robo mzunguko upime tena palepale. Andika.

Baada ya hapo, choki ikiwa imekaa, tazama tena ukitokea chemba: duara la mtutu na duara la choki viwe na kitovu kimoja. Ukiona hilali upande mmoja, choki imekaa upande.

---

#21 Nungunungu

Na kama macho hayaoni tofauti, si unaweza kulegeza choki kidogo uizungushe upande mwingine, upige uone kama marisau yanahama nayo?

---

#22 Jiriwa

HAPANA. Choki iliyolegea ndiyo chanzo cha uzi huu wote. Unataka kulinganisha, badilisha choki: ile moja ikipiga kushoto na nyingine zote katikati, mbovu ni hiyo moja. Zote zikienda upande uleule, ubovu upo kwenye mtutu, au kwenye kitako na namna unavyoiweka begani.

Karatasi kubwa, bunduki kwenye egemeo, umbali wa mita 36.6, lenga alama katikati. Chora duara la sentimita 76 kuzunguka pale marisau yalipojaa zaidi, siyo kuzunguka alama. Umbali kati ya kitovu cha duara na alama ndiyo kosa lako. Ukihesabu mashimo ndani ya duara, fuli inakupa kama asilimia 70 ya marisau yote, nusu 60, robo 50, silinda 40. Piga karatasi kadhaa kwa kila choki, moja haisemi kitu.

Ila Kwale_Mwitu, wewe usipige karatasi mpaka majibu ya vipimo vitatu yawe mezani.

---

#23 Kwale_Mwitu

Majibu haya hapa, na siyo mazuri.

Pete nimeiona, hafifu, kama sentimita tatu na nusu kutoka mdomoni, ipo zaidi upande wa kulia. Choki ya robo imeingia kwa vidole vizuri, halafu karibu na mwisho ikaanza kubana. Nimeitoa, nikajaribu ya fuli, imebana palepale. Kalipa: kwenye kimgongo upande mmoja milimita 0.18 zaidi ya ule wa robo mzunguko. Mbele na nyuma ya hapo vipimo viko sawa kwa sawa.

---

#24 Mzee wa Shabaha

Pole sana kijana. Mtutu umevimba juu ya sketi. Choki mbili tofauti kubana sehemu moja haina tafsiri nyingine.

---

#25 Jiriwa

Ndivyo. Na choki haitakaa sawa tena humo, hata ikilazimishwa kwa spana ikafika mwisho. Usiipigishe.

Njia zipo tatu. Kuna mafundi wanaorudisha uvimbe kwa kugonga kwa nje huku ndani kuna kibao cha chuma kilichochongwa kwa kipimo. Kwenye ukuta mzima wa mtutu hiyo inafanyika na inakubalika. Juu ya thredi na kidato siipendi, thredi hazirudi kwenye mstari.

Njia ya pili ni kukata. Uvimbe upo sentimita tatu na nusu, kwa hiyo ukitoa sentimita tano unabaki na inchi 26, urefu mzuri tu. Angalia kwanza sheria ya nchi yako: Marekani mtutu wa shotgani ukishuka chini ya inchi 18 unaingia kundi jingine kabisa la kisheria, Uingereza mpaka ni inchi 24. Tatizo la kukata ni kwamba viwanda vingi huutanua mtutu kidogo pale mdomoni ili kupata nyama ya kuchonga thredi. Ukishakata hiyo sehemu, ukuta unaobaki ni mwembamba, choki zako za kiwandani hazina pa kukaa. Fundi atalazimika kuchonga thredi za choki nyembamba za aina nyingine. Na reli ya juu lazima ikatwe mahali penye nguzo, la sivyo itabaki inaning'inia.

Ya tatu: hiyo ni semi-otomatiki. Mtutu wake unachomoka kwa mkono. Nunua mtutu mwingine wa modeli hiyohiyo. Ingekuwa ya mitutu miwili ningekwambia tukae tufikirie kukata. Kwako sioni haja ya kuhangaika. Kumbuka tu kwamba nchi nyingi mtutu unahesabika kama sehemu ya silaha, kibali kinahitajika, na ule wa zamani hautupwi jalalani.

---

#26 Kwale_Mwitu

Basi naenda na mtutu mpya. Ule wa zamani nimeshaupeleka kwa fundi bunduki aukague, naye amesema maneno yaleyale ya kidato. Ameongeza kwamba choki za robo na fuli nilizonazo hazina kosa, ataziangalia kwenye mtutu mpya kabla sijapiga.

Niulize la mwisho: nipake nini kwenye thredi, na nikague kila baada ya muda gani?

---

#27 Mzee wa Shabaha

Grisi ya kuzuia kukwama, ile yenye unga wa shaba au nikeli, utando mwembamba tu. Ukipaka nyingi inasukumwa nyuma inakwenda kukaa kwenye kidato, umerudi palepale. Funga kwa vidole mpaka mwisho, kisha spana mguso mmoja. Hakuna sifa ya kukaza kwa nguvu.

Kukagua: kila ukimaliza sahani 25, chemba ikiwa wazi na tupu, gusa mdomo kwa spana. Ikisogea, kaza, na jiulize kwa nini. Ukirudi nyumbani itoe, futa thredi na kidato, rudisha. Usihifadhi mtutu bila choki ndani, na usipige bila choki hata mara moja. Thredi zitapigwa na wadi, gesi na marisau moja kwa moja.

---

#28 Nungunungu

Nimetoka kupima ile choki ya jamaa yangu. Sketi 18.4, mtutu wangu 18.6.

---

#29 Jiriwa

Mrudishie leo.